Mifupa Kizimbani, Mifupa Riwayani

Hoja iliyo mezani: riwaya za Kathy Reichs zinawatendea haki wafu.

Sauti tano zitakazoijadili nimezibuni mwenyewe. Yupo Msomaji, binti wa chuo kikuu; Daktari wa uchunguzi wa maiti; Mwalimu wa fasihi, mama wa makamo; Mwanasheria; na Mzee mmoja wa Old Moshi. Watu, vitabu na kesi wanazozitaja si za kubuni. Nimewakalisha Arusha kwa makusudi, na sababu itaonekana mbele.

Kwa asiyemfahamu mtunzi: Reichs alizaliwa Chicago mwaka 1948, akapata shahada ya uzamivu ya anthropolojia mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Northwestern, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Charlotte. Alianza na mifupa ya kale, ya watu waliozikwa karne nyingi zilizopita, hadi polisi walipoanza kumletea mifupa ya watu ambao ndugu zao walikuwa bado wanawatafuta. Akaingia katika kazi ya mahakama, huku North Carolina na kule Montreal, katika maabara ya serikali ya jimbo la Quebec. Mwaka 1997, akikaribia miaka 50, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Déjà Dead, na ikapata tuzo ya Ellis ya Kanada kwa riwaya ya kwanza bora ya uhalifu. Mhusika wake mkuu, Temperance Brennan, ni mtaalamu wa mifupa kama yeye, mwenye kazi mbili katika miji hiyohiyo miwili. Riwaya za Brennan zimeshapita 20. Tamthilia ya televisheni iliyotokana nazo, Bones, ilirushwa Marekani kuanzia mwaka 2005 hadi 2017, vipindi 246.

MSOMAJI: Mzee wangu, shikamoo. Shikamooni wakubwa zangu. Naanza mimi kwa kuwa naiunga mkono hoja bila kusita. Katika riwaya nyingi za upelelezi, maiti hukutwa ukurasa wa tano na kufikia ukurasa wa kumi tumeshaisahau. Macho yote yako kwa mpelelezi, maneno yake, bastola yake. Reichs hakubali. Mfu wake anabaki mezani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwanza ni namba ya jalada. Halafu ni mwanamke. Halafu ni mwanamke wa umri fulani, mwenye kimo fulani, aliyewahi kuvunjika mkono utotoni na mkono ukapona. Polepole anarudi kuwa mtu, na Brennan halali mpaka mtu huyo apate jina lake. Sijaona heshima kubwa kuliko hiyo katika vitabu vya aina hii.

DAKTARI: Marahaba, binti yangu. Niongeze ya mezani, maana hayo ndiyo ninayoyajua. Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga anayo mingi zaidi, kwa kuwa vipande vyake havijaungana, na kuungana huko ndiko kunakotupa umri. Ncha ya mtulinga inayogusa kidari ni miongoni mwa za mwisho kabisa kushikana, mtu akiwa katika miaka ya ishirini. Nikiikuta haijashikana, najua niliye naye mezani ni kijana. Nyonga hunieleza kama ni mwanamke au mwanamume: ya mwanamke ni pana, na pembe iliyo chini ya kinena imefunguka zaidi. Mfupa wa paja hunipa kimo. Meno hunieleza mengi kuhusu mtu na maisha yake. Lakini yote hayo ni makadirio. Mtaalamu mwaminifu haandiki kwamba marehemu alikuwa na miaka 34. Huandika kwamba alikuwa kati ya miaka 28 na 40, akatia sahihi chini ya maneno hayo akijua kuna wakili atakayemhoji.

Na Reichs anaandika akijua hayo. Déjà Dead imesimama juu ya msumeno. Mfupa uliokatwa kwa msumeno hubaki na mfereji wenye kuta mbili na sakafu. Upana wa mfereji huo, mistari iliyochorwa kwenye kuta, na kile kijiti kinachobaki pale mfupa unapokatika wenyewe mwishoni, vyote vinaeleza meno ya msumeno yalivyopangwa na mkono ulikuwa ukielekea wapi. Alikuwa ameshaifanya kazi hiyo kwa mikono yake katika kesi ya mauaji huko Quebec kabla ya kuiweka riwayani. Hakuhitaji kumpigia mtu simu ili amweleze. Ndiyo maana, ninapomsoma, simkamati akidanganya.

MWALIMU: Daktari, umeisifu ripoti. Sisi tunajadili riwaya.

DAKTARI: Riwaya yake imejengwa kwa ripoti.

MWALIMU: Ndiyo, na jengo hilo lina mambo matatu yanayonikera. La kwanza ni mpango wake. Takriban kila sura inafungwa kwa mshtuko ili mkono ufungue ukurasa unaofuata. Brennan anaonywa asiende peke yake, anakwenda peke yake, anakamatwa, nusura afe. Mara ya kwanza nilishika pumzi. Mara ya nne nilijua atapona, kwa sababu kitabu cha tano kilikuwa kimeshatoka. La pili ni hao wafu wenyewe: mara nyingi mno ni wanawake, na mara nyingi mno wamekatwakatwa. Nataka mtu anieleze tofauti kati ya kumwomboleza mwanamke aliyeuawa na kumtazama kwa kurasa mia tatu. La tatu nitalieleza baadaye, maana ndilo zito.

Tena tusimpe Reichs ugunduzi usio wake. Aaron Elkins, naye aliyewahi kufundisha anthropolojia, alimleta profesa Gideon Oliver mwaka 1982, mpelelezi anayesoma mifupa, na riwaya yake Old Bones ikapata tuzo ya Edgar. Sisi wenyewe tulikuwa na Bwana Msa tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilipochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa hana maabara. Ana kiko chake, na ana akili inayotazama watu wakisema uongo. Katika riwaya ile jamii nzima ya Unguja inachunguzwa: nani anamheshimu nani, nani anamwogopa nani, mzimu unaaminiwaje. Kwa Reichs nini kinachunguzwa zaidi ya kidonda kwenye fuvu?

MSOMAJI: Mwalimu wangu, kwa heshima zote, nakataa. Mchukue Brennan mwenyewe. Ana miaka zaidi ya 40, ameachana na mumewe, ana binti mkubwa, na anapambana na pombe aliyoiacha. Mwanamke wa namna hiyo ni nadra kupewa nafasi ya mbele katika riwaya za upelelezi. Wapelelezi wanaume wa Montreal hawamtaki kwenye eneo la tukio, naye hawajibu kwa ngumi. Anawajibu kwa mfupa. Na jamii imo. Deadly Décisions ya mwaka 2000 inatoka katika vita vya magenge ya pikipiki vya Quebec, vilivyoua watu zaidi ya 150 kati ya mwaka 1994 na 2002, wakiwemo wasiohusika kabisa. Fatal Voyage inaanza na ndege iliyoanguka milimani North Carolina, na inaonyesha jinsi mamia ya vipande vya watu vinavyopangwa, vinavyopewa namba na kusubiriwa na familia hotelini. Anayesoma kitabu hicho hamtazami tena kwa jicho lilelile mtu anayefanya kazi mochwari.

MWALIMU: Hapo ndipo ninapokushika, mwanangu. Vita vya Quebec vilikuwa vya kweli. Wafu walikuwa wa kweli. Nani alimruhusu?

MWANASHERIA: Kisheria, swali hilo lina jibu. Reichs ameeleza mara nyingi kwamba huchukua kiini cha kesi, kisha akabadilisha majina, tarehe na mahali, na huchanganya kesi zaidi ya moja. Mtaalamu wa mahakama anabanwa na siri za jalada, na akizivunja hapotezi msomaji tu, anapoteza kazi. Mfano mzuri ni Guatemala. Vita vya huko vilidumu miaka 36, hadi 1996, na tume ya ukweli iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walipotezwa, wengi wao Wamaya. Reichs alikwenda kushiriki kufukua kaburi la halaiki pamoja na wataalamu wa nchi hiyo. Kisha, mwaka 2002, akachapisha Grave Secrets, inayoanzia kwenye kisima ambamo wanawake na watoto wametupwa. Kijiji ni cha kubuni. Kazi ya wale wataalamu imeonyeshwa kama ilivyo.

MWALIMU: Kijiji cha kubuni hakina mtu wa kulalamika.

MWANASHERIA: Kina watu wa kujitambua humo, nao ni wengi kuliko wa kijiji kimoja.

MWALIMU: Hilo silikatai. Lakini walionunua kitabu hawakuwa wao.

MWANASHERIA: Basi tuondoke kwenye vijiji vya kubuni, twende mahali ambapo kila mtu hapa anapajua. Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kuhukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mahakama hiyo ilikaa hapahapa Arusha, katika jengo la mikutano la AICC, hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Mmoja wa washtakiwa alikuwa Georges Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa wanamgambo wa Interahamwe. Sehemu ya mashtaka yake ilihusu watu waliouawa karibu na gereji ya Amgar mjini Kigali. Upande wa mashtaka ulimleta Profesa William Haglund, mtaalamu wa mifupa wa Marekani aliyefukua mashimo katika eneo lile. Upande wa utetezi nao ukaleta mtaalamu wake. Aliitwa Dakta Kathleen Reichs.

MZEE: Utetezi? Utetezi wa mtu wa Interahamwe?

MWANASHERIA: Ndiyo, Mzee wangu. Wasifu wake vitabuni husema kwamba alitoa ushahidi katika mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, na wasomaji wengi hudhani alikuja kuwasema wauaji. Alikuja kusema kwamba kazi ya mtaalamu mwenzake haikutosheleza. Na majaji walimsikiliza. Hukumu ya tarehe 6 Desemba 1999 inasema kwamba, kutokana na ushahidi wa Reichs, hawakuridhika kuwa mbinu ya Haglund ni ya kuaminika kiasi cha kutegemewa, wakayaweka kando matokeo yake. Rutaganda hakuokoka kwa hilo. Alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na kuhukumiwa kifungo cha maisha, kwa ushahidi wa walioona kwa macho yao.

MZEE: Mwanangu, mimi ni mtu mzima, nitasema lililo moyoni. Watu wamechinjwa mchana kweupe. Mifupa imetoka ardhini. Halafu anapanda ndege mtu mwenye elimu, kutoka ng'ambo, anakuja kuwaambia majaji wasiiamini. Kisha anarudi kwao kuandika hadithi za kuwatetea wafu. Wafu gani anaowatetea huyo?

Hapa nawaomba wasomaji wasimame kidogo na Mzee. Swali lake halina uchokozi ndani yake. Naamini ndilo swali lililopaswa kuulizwa kuhusu Reichs tangu zamani, na haliulizwi kwa sababu anayezungumziwa daima ni Brennan, yule wa vitabuni.

DAKTARI: Mzee wetu, nakujibu kama mtu wa mezani. Kaburi la halaiki si maiti nyingi zilizolala kwa mpangilio. Miili imeingiliana. Mkono wa huyu uko chini ya mbavu za yule. Mfupa uliovunjika unaweza kuwa umevunjwa kwa rungu mtu akiwa hai, au umevunjwa na uzito wa udongo miaka miwili baadaye, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo tofauti kati ya ushahidi wa mauaji na mfupa mbovu tu. Ukikosea namna ya kufukua, umekosea hesabu ya watu. Ukikosea hesabu, umemnyima mtu mmoja kuwepo kwake, au umembuni mtu asiyekuwepo. Mtaalamu anayekubali kazi hafifu kwa kuwa mshtakiwa ni mwovu hajawasaidia wafu wale. Amewaandikia uongo juu ya kaburi.

MWANASHERIA: Na sheria inasema hivyohivyo. Hukumu iliyojengwa juu ya ushahidi uliolegea huvunjwa katika rufaa. Majaji walipouondoa ushahidi ule, kilichobaki kilikuwa imara. Mtu yule alifia gerezani.

MZEE: Mnanijibu kwa akili, nami nimesikia. Ngojeni nami niwape jambo. Mangi Meli, mtawala wetu, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900. Masimulizi ya ukoo ni kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Hakuwa peke yake. Mafuvu ya watu wa Kilimanjaro, ya Rwanda, ya kila mahali Mjerumani alipotawala, yalibebwa kwa masanduku. Waliobeba walijiita wanasayansi. Walipima pua, walipima paji la uso, wakaandika kwenye mfupa kwa wino. Nikisikia mtu anasifiwa kwa kusoma fuvu la mtu, damu yangu inachemka kabla sijajua ni nani.

Lakini nikiwa mkweli, mwaka 2023 taasisi inayotunza makumbusho ya Berlin, iliyokuwa imechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, ilitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu hayo vimeoana na vya ndugu walio hai hapa Tanzania. Fuvu la Mangi Meli halikuwemo katika yaliyotambuliwa. Usiku nilipoisikia habari hiyo nilijiuliza: wangetuletea fuvu lolote, wakasema hili ni la Mangi, tukalizika kwa ngoma na machozi, tungekuwa tumemzika nani? Mimi siwezi kumzika mtu mwingine kwa jina la Mangi. Kwa hiyo na mimi, hata kama sipendi kukiri, namhitaji mtu wa kusema hapana, hili bado halijathibitika.

DAKTARI: Mzee, umegusa kidonda cha taaluma yenyewe. Kwa miaka mingi ripoti ya mifupa ilikuwa na mambo manne: jinsia, umri, kimo, na asili ya mtu, yaani ametoka katika watu gani. Hilo la nne limerithiwa moja kwa moja kutoka kwa wapimaji wale wa mafuvu. Mwaka 2020 wataalamu wawili wa Marekani waliandika katika jarida la sayansi ya mahakama wakitaka liachwe kabisa, na mjadala bado ni mkali. Riwaya za mwanzo za Brennan ziliandikwa kabla ya mabishano hayo. Anayezisoma leo azisome akilijua hilo.

MWALIMU: Sasa nieleze jambo langu la tatu, maana Mzee amenifungulia njia. Reichs wa Arusha alitetea shaka, shaka iliyomfaa mtu mwovu, na aliitetea kwa sababu ilikuwa kweli. Brennan hajawahi kuachwa na shaka ya namna hiyo. Ukifika ukurasa wa mwisho, mfupa umepata jina, muuaji amepata pingu, na msomaji amelala usingizi. Brennan amepelekwa Guatemala, Israel, Hawaii, hata Afghanistan. Arusha hajaletwa. Hakuna riwaya ambamo anapanda kizimbani kusema ukweli unaomsaidia mshtakiwa wa Interahamwe, kisha anatoka nje na kukutana na mjane kwenye ngazi za mahakama. Hiyo ningeisoma mara mbili. Ningeifundisha. Mtunzi aliishi jambo kubwa kuliko yote aliyoyaandika, na hakuliandika.

MSOMAJI: Huenda si lake kuliandika.

MWALIMU: Huenda. Basi nikuletee mwingine. Clea Koff, ambaye mama yake ni Mtanzania na baba yake Mmarekani, alikwenda Rwanda mwanzoni mwa mwaka 1996 akiwa na miaka 23. Alifukua kaburi la halaiki kando ya kanisa la Kibuye, juu ya Ziwa Kivu, katika timu iliyoongozwa na huyohuyo Haglund. Baadaye alikwenda Bosnia, Kroatia na Kosovo. Kitabu chake The Bone Woman, cha mwaka 2004, si riwaya. Hakuna muuaji wa kukamatwa sura ya mwisho. Kuna tope, mgongo unaouma, nguo zilizobaki mwilini mwa watoto, na mwanamke kijana anayejiuliza anafanya nini pale. Hivyo ndivyo wafu wanavyotendewa haki: bila mchezo wa kumtafuta mwenye kosa, maana wenye kosa walijulikana kijiji kizima.

MSOMAJI: Nakisifu pia kitabu hicho, Mwalimu. Lakini malizia habari. Baadaye Koff aliandika nini?

MWALIMU: Aliandika riwaya.

MSOMAJI: Riwaya za upelelezi! Freezing, ya mwaka 2011, kuhusu wanawake wawili wataalamu wa mifupa mjini Los Angeles. Kwa nini mtu aliyesimama Kibuye ageukie riwaya? Mimi nina jibu langu. Mwaka 2005 alianzisha shirika la kusaidia kuoanisha watu waliopotea na maiti zisizo na majina zilizorundikana katika ofisi za uchunguzi wa vifo za Marekani. Katika riwaya, wanawake wake wawili wanaendesha shirika la namna hiyohiyo. Ripoti ya jambo hilo husomwa na maafisa. Riwaya husomwa na mama aliyepotelewa na mwanawe na hajui pa kuanzia. Koff alijua anataka kumfikia nani.

DAKTARI: Hilo ni la kweli, na ndivyo ilivyo hata kwa Bones ya televisheni, pamoja na ubaya wake.

MSOMAJI: Ndiyo iliyoniingiza mimi kwenye sayansi, Daktari.

DAKTARI: Najua, na siwezi kuidharau. Lakini ilikufundisha kwamba majibu hutoka kwenye kompyuta kabla chai haijapoa, na picha ya uso wa marehemu huelea hewani kwa mwanga. Reichs alikuwa miongoni mwa wazalishaji wake, hata akatokea katika kipindi kimoja kama profesa. Mwaka 2009 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti kali iliyoonyesha kwamba mbinu nyingi za uchunguzi wa mahakama hazina msingi wa kisayansi unaodaiwa. Televisheni iliendelea kurusha vipindi vyake. Nimekutana na ndugu wa marehemu wanaoniuliza kwa nini vinasaba vinachukua wiki nyingi, wakiamini ninawaficha jambo.

MWANASHERIA: Tulipime hili hapa kwetu, lisiwe habari ya Montreal tu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja. Wengi hawakutambulika kwa sura. Familia zilitoa sampuli za vinasaba, zikasubiri, na miili ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024. Binti, wewe ungeandika riwaya ya upelelezi juu ya Shakahola?

MSOMAJI: Si leo.

MWALIMU: Lini?

MSOMAJI: Sijui, Mwalimu. Nikiiandika, nisingeanza na mhubiri. Ningeanza na mtu aliyetoa sampuli yake na haikuoana na mwili wowote. Mpelelezi wangu angekuwa yule mtumishi wa maabara anayempigia simu kumwambia.

MZEE: Na mwishoni?

MSOMAJI: Mwishoni asingepatikana, Mzee wangu.

MZEE: Hicho ningeomba unisomee.

Naingia sasa kama mwandishi, na natoa hukumu yangu bila kuzunguka. Hoja naipitisha kwa sehemu ile ambayo Msomaji na Daktari waliitetea: kurasa za katikati za Reichs, pale Brennan anapokaa peke yake na mifupa na kukataa kusema zaidi ya kile mfupa unachosema, zinawatendea haki wafu kuliko riwaya nyingi za uhalifu nilizozisoma. Naikataa katika kurasa za mwisho. Huko Mwalimu ameshinda. Jina linapopatikana kila mara, waliokosa majina wanazidi kusahauliwa. Makaburini Igoma, Mwanza, wamelala watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 1996, na si wote waliozikwa pale kwa majina yao. Riwaya isiyoweza kuvumilia mtu wa namna hiyo haijafika mahali ambapo mtunzi wake mwenyewe alifika alipotoa ushahidi Arusha.

Kuhusu ushahidi ule, namheshimu Reichs. Najua wapo watakaokasirika. Alipewa nafasi ya kunyamaza na kupendwa, akachagua kusema kwamba kazi haikufanywa inavyotakiwa, mbele ya majaji ambao dunia nzima iliwatazama. Mshtakiwa alihukumiwa kwa haki zaidi kwa sababu ya hilo, si pungufu.

Ombi langu ni kwa watunzi wa Kiswahili. Tumekuwa na wapelelezi wa akili kama Bwana Msa, na wapelelezi wa bastola kama Willy Gamba na Joram Kiango. Anahitajika wa tatu, anayekaa na mfupa na kusema hajui bado. Msimwandike kwa kubahatisha. Kaeni na daktari wa uchunguzi wa maiti, kaeni na watu wa maabara ya vinasaba, kaeni zaidi na familia zinazosubiri simu. Hukumu ya Rutaganda iko wazi kwa umma, na nyaraka za mahakama ile zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha. Anayetaka kuandika aanzie hapo.